Vidonge Kwenye Mkebe wa Vifungo

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Na wenzetu mlio na salamu nyengine, hamjambo nyote? Wazee wangu, shikamooni.

Mwenyekiti wa kikundi chetu hiki cha wagonjwa wa presha na moyo amenipa dakika kumi. Mimi ni mwadhini, mwaka wa ishirini na sita huu, na sijazoea kupewa maiki kisha nikahesabiwa dakika. Lakini nitajaribu, inshallah.

Kabla sijaanza, niseme jambo moja. Mkiniona naacha maneno njiani nakwenda zangu kule nyuma chooni, msinishangae. Leo nimechelewa kumeza dawa kwa sababu ya safari ya kuja hapa Msambweni, na dawa yenyewe haina simile. Naona wengine mwacheka. Chekeni tu. Zamani ningekubali kufa kuliko kusema neno hilo mbele za watu. Na si maneno ya mdomoni hayo, nilikaribia kufa kweli.

Mimi ni mtu wa Mwabungo. Kazi yangu ni cherehani: kanzu, nguo za shule, na mashati ya wafanyakazi wa mahoteli huko Diani. Msikiti wetu na nyumba yangu ni ukuta kwa ukuta, na kipaza sauti kimeelekea uani kwangu. Kwa hiyo mke wangu, miaka yote hiyo, adhana ameisikia mara tano kwa siku akiwa jikoni. Hakuna mtu duniani aijuaye sauti yangu kama yeye. Shikeni hapo, nitaparudia.

Nami nilikuwa na pumzi, ndugu zangu! Wallahi nilikuwa na pumzi. Waadhini wengine walikata maneno mahali ambapo mimi nilikuwa bado naenda. Watu walisifu, nami nikavimba kichwa. Mungu anisamehe, nilikuwa nikimaliza adhana nawauliza watu kwa mafumbo, "Leo kipaza sauti kilisikika vizuri?" ili waniambie nimeadhini vizuri.

Sasa, presha nilipimwa zamani. Walikuja wauguzi wakaweka meza kando ya barabara, wakanifunga ule mkanda mkononi, mama mmoja akaniambia, "Baba, presha yako iko juu sana, uende hospitali." Nikamjibu, "Presha yatoka wapi? Mimi sina mawazo." Maana kwetu sisi presha ni ugonjwa wa mtu mwenye mawazo, ama mtu mnene. Mimi ni mwembamba kama mnionavyo, na usiku nalala fofofo. Nikaenda zangu. Sikurudi hospitali miaka. Na presha haikuniuma hata siku moja, haki ya Mungu, kwa hiyo nikajiona mjanja.

Wa kwanza kujua alikuwa mke wangu. Siku moja naingia kutoka msikitini aniambia, "Fundi," yeye huniita Fundi, "leo adhana umeikata."

"Nimeikata wapi?"

"Pale kwenye *hayya ala swala*. Umevuta pumzi katikati ya neno."

"Vumbi la vitambaa hilo," nikamwambia. "Limenikaa kifuani."

Wiki ile ikapita, akarudia. Nikamkemea: "Wewe wapika au wanisomea makosa?" Lakini nami nilikuwa nikijua. Nikipanda vile vidaraja vitatu vya msikiti nilihema kama niliyebeba gunia. Miguu ikavimba, kanda za viatu zikaacha mfereji, na pale kwenye pedeli ya cherehani mguu ukawa mzito, siuhisi kuwa ni wangu. Kulala ikawa lazima niegemee mito mitatu, nikilala chali pumzi yanipaa. Nikala habbat soda na asali. Nikaenda kuumikwa mgongoni, wakanitoa damu. Jirani mmoja akasema ni jini la baharini, nami ambaye nimeona bahari kutoka ufuoni tu! Mwishoni mke wangu akavaa buibui asubuhi, akasimama mlangoni, akasema, "Twende hospitali. Usipokwenda leo, mimi naenda peke yangu kuwaambia waje wakuchukue." Nikaenda.

Ndugu zangu, nawaambia yale niliyoelezwa na daktari, maana nilikaa na ujinga miaka na sitaki mukae nao hata wiki. Nilipimwa presha, nikawekwa waya kifuani, nikapigwa picha ya moyo kwa ile mashine wanayoipitisha na mafuta ya baridi. Daktari akaniuliza, "Msikiti wenu una kisima?" Nikamwambia kipo, na pampu ya kupandisha maji tangini. "Basi," akasema, "moyo ni pampu na mishipa ni mabomba. Mabomba yako yamebana miaka mingi, hiyo ndiyo presha. Pampu ikawa yasukuma kwa nguvu usiku na mchana. Sasa imechoka. Maji yasiyosukumwa yanarudi nyuma, yanakaa miguuni, na mengine yanakaa mapafuni. Ndiyo maana huwezi kulala chali."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo moyo umesimama?"

"Ungesimama, ungeniuliza?" akanijibu. Tukacheka wote wawili. Akanieleza kwamba si magonjwa yote ya moyo ni mamoja. Yule dada aliyezungumza kabla yangu, ambaye mkono wake wa kulia bado haujarudi sawasawa, yeye lake ni bomba la kichwani lililoziba. Ndicho kiharusi. Bomba la moyo wenyewe likiziba, mtu huhisi kifua kimekandamizwa, maumivu yakashuka mkononi au yakapanda shingoni, jasho likamtoka, na hapo si pa kuchemsha tangawizi, ni pa kutafuta gari. Kwangu mimi mabomba yalikuwa yapitisha, pampu ndiyo iliyolegea. Na wengi wetu hapa, mlango tulioingilia ni mmoja: presha ambayo hatukuitibu kwa kuwa haiumi.

Nikapewa dawa tatu. Moja ya kulegeza mishipa, moja ya kutuliza mapigo ya moyo, na ya tatu waiita dawa ya maji. Hiyo yatoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Nikameza. Subhanallah! Wiki ya kwanza tu miguu ikanywea, nikalala kwa mto mmoja, nikaadhini mke wangu asinitie kosa. Mtu mwengine angeshukuru akaendelea.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo palipo na kosa langu. Mimi sili kitu wala simezi kitu mpaka ninywe chai yangu saa nne, nimeshakata vitambaa vya asubuhi. Ni mazoea ya tangu ujana. Kwa hiyo dawa zote nilimeza saa nne. Na dawa ya maji, wenye kuimeza mwaijua, haichelewi. Saa sita na nusu naadhini Adhuhuri, tayari kibofu kinagonga mlango. Natawadha, nasimama safu ya kwanza, rakaa ya pili haijaisha nimebanwa. Mwenye udhu akienda haja, udhu umekwisha, sharti atawadhe upya. Siku moja nikatoka safuni, nikatawadha, nikarudi. Siku ya pili vile vile. Ijumaa ikaja. Msikiti umejaa mpaka barazani, nami mwadhini, niko mbele kabisa nyuma ya imamu, nikashindwa. Ikabidi nikate safu zote, nikipita mbele za wazee, mbele za wakwe zangu, nimejikunja. Nilipotoka nje nikasikia mmoja barazani asema, "Mwadhini atuita halafu akimbia mwenyewe."

Alikuwa afanya mzaha tu. Lakini lilinichoma, jamani. Niliingia nyumbani nikakaa na cherehani bila kushona, nimeona haya kama mwari. Nikajiambia: miaka yote hii naita watu kuswali, leo dawa inataka kunitoa msikitini? Siimezi tena. Zile nyengine mbili nitameza, hii hapana.

Je, nilimuuliza daktari? Sikumuuliza. Daktari mwenyewe kijana wa kike, umri wa binti yangu, nimwambie habari za mkojo? Je, nilimuuliza imamu? Sikumuuliza. Nilijua jibu lake, au nilidhani najua. Nikatoa hukumu mwenyewe, shehe wa cherehani!

Na kuitupa nikaogopa, maana kutupa kitu chenye manufaa ni israfu, ni ufujaji. Mwaona maajabu ya mwanadamu? Kutupa kidonge nikaona dhambi, kudanganya sikuona. Nina mkebe wa biskuti ninaowekea vifungo. Vile vidonge ni vyeupe, vidogo, ukivitupia jicho kwa haraka wadhani ni vifungo vya shati la mtoto. Kila asubuhi mke wangu akinitolea dawa na maji, nameza viwili mbele yake, cha tatu nakibana kiganjani, akigeuka natia mkebeni. Nikarudi kliniki. "Dawa wameza zote?" "Nameza zote, alhamdulillahi." Daktari akatazama miguu, akakunja uso, akasema mbona maji yanarudi, akaniongezea ile dawa ya maji. Nikachukua, nikaenda nazo, zikaingia mkebeni pamoja na zile za mwanzo. Hebu fikirini, daktari wa watu asumbuka kichwa, atafuta ugonjwa, kumbe ugonjwa ni uongo wangu.

Mito ikarudi mitatu. Kikohozi kikaja, cha povu. Mke wangu akawa aniuliza, nami namjibu kwa ukali, maana mtu akiwa na la kuficha hasira huwa karibu.

Ilikuwa Alasiri, siku ya Jumanne. Nilitembea kutoka kwangu kwenda msikitini, hatua hazifiki hamsini, nikapumzika mara mbili. Nikawasha kipaza sauti. Takbira nikazimaliza kwa shida. Nilipofika kwenye shahada, nafungua mdomo, pumzi hakuna. Navuta, haiingii. Kifua kinaunguruma kama chungu kinachochemka, na maiki iko wazi, Mwabungo nzima yasikia mtu anakoroma. Nikashika ukuta, nikateleza mpaka chini.

Wa kwanza kufika alikuwa mke wangu. Alikuja na leso ya jikoni, mkono una unga, akaingia kwa mlango wa wanaume mpaka kwenye mihirabu, jambo ambalo hajalifanya maishani mwake. Akaniinua akaniegemeza kifuani mwake, nikakaa kitako, akawafukuza watu: "Mpisheni apate hewa! Msimlaze!" Imamu akachukua maiki, akamalizia adhana pale nilipoachia. Hiyo niliisikia. Nikafikiri, basi, adhana yangu ya mwisho imemaliziwa na mtu mwengine.

Hospitali wakanitia hewa puani, wakanichoma sindano. Mwajua sindano ya nini? Ile ile dawa ya maji. Niliyoikimbia kwa mdomo wakanipitishia mshipani. Na kwa kuwa sikuweza kuinuka, wakanitia mpira wa mkojo. Mimi, niliyeogopa kutoka safuni, sasa nina mfuko wa mkojo umening'inia kitandani, kila mgeni auona.

Asubuhi yake daktari akaja na muuguzi mmoja, mama wa bara, mcheshi sana. Daktari akauliza, "Mzee, niambie ukweli. Dawa ulikuwa ukimeza?"

Nikasema, "Nikimeza."

Mke wangu alikuwa amekaa ubavuni. Akafungua mkoba wake, akatoa mkebe wangu wa vifungo, akauweka juu ya kitanda, akafunua. Alikuwa ametafuta kifungo cha buibui lake kabla ya kuja kuniangalia. Vidonge vimejaa mle, vyengine vimeshakuwa vya manjano.

Nilitaka ardhi inimeze. Mke wangu akaniangalia, machozi yanamlenga, akasema, "Fundi, mimi nilikuwa nakutolea maji ya kumezea kila siku. Kwa nini?"

Ndipo nikasema. Nikayatoa yote, ya safu, ya Ijumaa, ya yule wa barazani. Nililia, sifichi. Nikangoja wanicheke au wanigombeze.

Yule muuguzi akavuta kiti. "Mzee wangu, hebu nikuulize tu. Hii dawa ulikuwa unakunywa saa ngapi?"

"Saa nne, baada ya chai."

"Na swala ya mchana ni saa ngapi?"

"Adhana saa sita na nusu."

"Ai! Sasa si ndio shida hiyo!" Akahesabu kwa vidole. "Hii kitu ukimeza, baada ya saa moja hivi imeanza kazi, na inakaa kama masaa sita. Saa nne inakushika kwa swala kabisa. Alfajiri mnamaliza saa ngapi?" Nikamwambia. "Basi ukitoka Alfajiri, saa kumi na mbili, meza. Kukojoa utakojoa asubuhi, ukiwa kwako na cherehani yako. Ikifika mchana imetulia. Daktari, si ni sawa?" Daktari akasema ni sawa, akaandika.

Ndugu zangu, ni hilo tu! Kubadilisha saa. Mama wa watu wala si Mwislamu, alinitengenezea swala yangu kwa dakika tatu, na mimi nilikuwa nimekaa na kifo ndani ya mkebe miezi. Lakini tafadhali, msichukue saa zangu mkazifanya zenu. Kila mtu na dawa yake, muulize aliyekuandikia.

Mchana imamu akaja kunizuru. Nikamwambia, "Maalim, sijaswali tangu jana. Nina mpira."

Akanitazama kwa mshangao. "Nani alikufundisha kwamba mgonjwa haswali? Tawadha, ukishindwa na maji tayamamu kwa mchanga safi, uswali hivyo hivyo ulivyo, na mpira wako. Dini haikukuambia uuache uhai wako ndiyo ukubaliwe." Kisha akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mbona hukuja kuniuliza, mwenzangu? Nyumba yangu ni ya tatu kutoka kwako."

Nilitoka hospitali. Sasa nina utaratibu wangu. Nikitoka Alfajiri nameza, mbele ya mke wangu, kisha nafunua mdomo aone. Ndiyo, nafunua mdomo kama mtoto, ni adhabu yangu na naistahili. Napanda mizani, naandika kilo ukutani kwa chaki ya kukatia nguo. Nikiona kilo zapanda mbio siku mbili tatu, sijiulizi, napiga simu kliniki, maana hayo si mafuta, ni maji yanarudi. Na kwa kuwa mimi fundi, nachukua utepe najipima vifundo vya miguu. Ng'onda na chumvi yake nimeaga. Achari nimeaga. Ramadhani iliyopita daktari hakuniruhusu kufunga, nikatoa fidia ya kulisha maskini, nikaona uchungu, lakini nilimuuliza kwanza, sikujihukumia.

Basi shukrani zangu. Kwa daktari, aliyedanganywa na asikasirike. Kwa yule mama muuguzi, Mungu amlipe kwa ule uliokuwa mtihani wangu akaugeuza suala la saa. Kwa imamu wangu. Na somo langu kwenu ni fupi: kama kuna dawa huimezi, unayo sababu, na sababu yako huenda ni ya haki kabisa kwako. Iwe ni hedhi kuvurugika, iwe ni nguvu za kiume, iwe ni swala, hata iwe nini, mwambie daktari hiyo sababu. Dawa yaweza kubadilishwa saa, yaweza kubadilishwa yenyewe. Uongo ndio usio na tiba.

Nimebakisha mmoja. Nilikaa miezi miwili bila kuadhini. Kisha Adhuhuri moja imamu akanipa maiki. Nikaadhini, ndugu zangu, lakini si ile ya zamani. Kila neno nikasimama nikavuta pumzi, hata mahali ambapo sikuwahi kusimama. Baada ya swala nikaenda nyumbani nimeinamisha kichwa. Nikamkuta mke wangu yuko kwenye mbuzi akuna nazi.

Nikamuuliza, "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nimekata mara ngapi?"

Akaacha kukuna. "Fundi, siku ile ulipoanguka maiki ilikuwa wazi. Nilikusikia ukivuta pumzi na haiingii. Tangu siku ile, maneno ya adhana nayajua, hayabadiliki. Mimi nasikiliza pale katikati, unapovuta, nisikie kama imeingia." Akashika nazi yake akaendelea. "Leo imeingia."

Yuko pale nyuma, mwenye buibui, amejifunika uso sasa kwa sababu nimemtaja. Ahsante, mke wangu.

Na sasa, jamani, ile safari ya chooni niliyowaambia mwanzo imewadia. Naona mumepanga viti safu kwa safu na mlango uko nyuma kabisa. Niwieni radhi, nisogezeeni magoti wazee wangu, napita katikati yenu. Wala sioni haya.